Daftari la Mama wa Mpakani: Lahajedwali na Hifadhidata

Kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Rusizi, akina mama wa Mururu huwa wamekwisha jitwisha makapu yao ya nyanya na mboga, wakielekea mpakani. Katika sekta hii iliyo magharibi mwa Rwanda, mto Rusizi ndio mpaka, na ng'ambo yake uko mji wa Bukavu, katika nchi ya Kongo. Bidhaa hununuliwa huku kwa faranga za Rwanda na kuuzwa kule kwa faranga za Kongo au kwa dola. Jioni mama hurudi na fedha mkononi, lakini kama amepata faida au hasara, hilo ni jambo jingine.

Wengi huliandika katika daftari, na daftari hilo likipigwa mistari vizuri tayari ni lahajedwali, yaani ukurasa wa hesabu wenye safu za kwenda chini na mistari ya kwenda kando. Katika kompyuta, na hata katika simu, kila safu hupewa herufi na kila mstari hupewa namba. Pale safu na mstari vinapokutana pana kisanduku kidogo kiitwacho seli, na jina lake ndiyo anwani yake: safu ya B, mstari wa 2, basi ni B2. Askari aliyepata kutunza leja ya bohari hatakuta kitu kigeni hapa.

Ugeni umo katika fomula, yaani agizo la hesabu linaloandikwa ndani ya seli, likianza na alama ya sawasawa. Tuseme mama amenunua kilo 20 za nyanya kwa faranga 500 kila kilo, kisha akaziuza kwa dola 12. Kilo zimeandikwa B2, bei ya kilo C2, na dola alizopata D2. Kiwango cha kubadilisha fedha, tuseme faranga 1,400 kwa dola moja, kimewekwa peke yake katika H1. Fomula ya faida itakuwa =D2*$H$1-B2*C2, na jibu ni faranga 6,800. Alama ile ya dola isimdanganye mtu. Haihusiani na fedha hata kidogo. Kazi yake ni kuishikilia H1 isihame fomula inaponakiliwa kwenye mistari inayofuata. Dola ikishuka hadi faranga 1,300, mama hubadilisha seli hiyo moja tu, na kila mstari hujihesabu upya. Faida ya nyanya zile sasa ni 5,600.

Ndivyo hasa alivyotaka Dan Bricklin, mwanafunzi wa Harvard nchini Marekani, aliyemtazama mwalimu wake akifuta na kuandika upya ubao mzima kwa sababu ya tarakimu moja tu. Yeye na mwenzake Bob Frankston walitoa programu iitwayo VisiCalc mwaka 1979. Excel, inayojulikana zaidi leo, ilifuata mwaka 1985.

Hata hivyo lahajedwali ni chombo cha kuhesabia, wala si ghala la kumbukumbu. Mwezi Oktoba 2020 ilibainika nchini Uingereza kwamba wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingizwa katika hesabu, kwa kuwa taarifa zao zilitiwa katika faili la muundo wa zamani wa Excel, usiopokea zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje kimya kimya, na watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa.

Kwa kumbukumbu nyingi iko hifadhidata. Nayo ina majedwali, lakini hapa mstari mmoja huitwa rekodi, na hueleza kitu kimoja tu. Safu huitwa uga, na hubeba sifa moja tu. Chama cha akina mama cha kuweka na kukopa kinahitaji majedwali mawili: moja la wanachama, na jingine la mikopo. Jina la mkopaji halirudiwi katika kila mkopo. Huandikwa namba yake tu. Namba hiyo ndiyo ufunguo, nayo haigawanywi kwa watu wawili, hata kama katika kilima kimoja wamo akina mama watatu wenye jina lile lile. Mwanachama akibadili simu, husahihishwa mahali pamoja. Mpango huu wa majedwali yanayohusiana ulitolewa mwaka 1970 na Edgar Codd wa kampuni ya IBM, Mwingereza aliyekuwa rubani wa kijeshi katika Vita Kuu ya Pili.

Kitambulisho cha taifa cha Rwanda ni mfano bora wa ufunguo. Namba yake ina tarakimu 16: ya kwanza ni 1 kwa raia, nne zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa, kisha 8 kwa mwanamume au 7 kwa mwanamke. Rekodi nyingi za mtu hufuata namba hiyo.

Lakini ni nchi hiyo hiyo iliyojionea uga mmoja unavyoweza kuua. Katika miaka ya 1930 watawala wa Kibelgiji waliweka katika vitambulisho nafasi ya kuandika kabila la mtu, nayo ikaendelea baada ya uhuru wa mwaka 1962. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wenye mapanga walikaa kwenye vizuizi vya barabarani wakidai kadi, na neno moja lililoandikwa na karani miaka mingi nyuma likatosha kumtoa mtu uhai. Katika kadi za leo uga huo haumo.

Katibu wa chama anapochora jedwali la wanachama ataandika namba, jina, simu na tarehe ya kujiunga. Mikopo ina jedwali lake: namba ya mkopo, namba ya mwanachama, kiasi, na tarehe ya kulipa. Dini ya mtu, ukoo wake na alikozaliwa baba yake havisaidii kukusanya deni, basi safu hizo hazichorwi.