Projekta ya Elfu Kumi: Angalia Haya Kabla ya Kuweka PIN

Mwenzetu mmoja hapa ofisini alinunua projekta mwaka jana kwa Ksh 9,500. Aliiona mtandaoni, boksi limeandikwa lumeni 9,000, 4K, picha hadi inchi 200. Akalipa, ikaletwa na boda kesho yake, na Jumamosi mchana tukaalikwa kwake kucheza FIFA. Tulifunga pazia, tukazima taa, lakini wachezaji walionekana kama vivuli tu. Alipompigia muuzaji akaambiwa angoje usiku. Usiku ulipoingia picha ilikuwa afadhali, ila alama na dakika za mechi pale juu hazikusomeka. Hiyo projekta sasa iko chini ya kitanda, na muuzaji hashiki simu.

Alituuliza swali ambalo wateja wengi hutuuliza: si mnirudishie pesa? Jibu halimfurahishi mtu. Huduma ya kurudisha pesa ni ya pesa iliyoenda kwa mtu asiyefaa, labda ulikosea namba. Ukilipa muuzaji uliyemkusudia na mzigo ukafika, hata kama mzigo wenyewe ni wa kuudhi, hatuwezi kuingia kwa akaunti yake na kuitoa. Hapo ni wewe na yeye. Kwa hivyo kazi yote ya kujilinda inafanyika kabla ya PIN.

Lumeni za boksi si lumeni za ukutani

Hapa ndipo watu hupigwa zaidi. Lumeni ni kipimo cha mwangaza, na kuna njia inayoaminika ya kuipima: picha nyeupe inagawanywa sehemu tisa, kila sehemu inapimwa, kisha unachukua wastani. Matokeo yake huitwa ANSI lumens. Boksi likisema "lumens" pekee, bila ANSI wala ISO, hiyo namba inaweza kuwa imetoka popote. Si shida ya Nairobi tu. Kampuni ya Epson imewahi kupeleka wenzake mahakamani huko Marekani kwa sababu ya lumeni za kupuliziwa.

Projekta ndogo za chini ya elfu kumi mara nyingi zina ANSI lumens 100 hadi 200 hivi. Hiyo inatosha filamu ya usiku kwenye chumba chenye giza. Haitoshi mchana, na haitoshi ikiwa taa ya sebuleni lazima iwake kwa sababu kuna mtu anafanya homework.

Kuna ujanja mmoja wa bure: punguza ukubwa wa picha. Picha ya inchi 100 ina upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 1.25. Ukiishusha hadi inchi 60, mwangaza uleule unaenea kwenye eneo lililo karibu theluthi moja tu ya lile la kwanza, kwa hivyo picha inang'aa karibu mara tatu zaidi. Tulijaribu hivyo na ile projekta ya mwenzetu na tofauti ilionekana. Sasa wewe ukiwa unatazama mchana zaidi kuliko usiku, tukuambie ukweli, TV ya inchi 32 itakufaa zaidi, na bei zake haziko mbali sana na hapo.

"Supports 4K" maana yake nini?

Maana yake projekta inakubali kupokea picha ya 4K. Haimaanishi itakuonyesha 4K. Kitu cha kutafuta kwenye maelezo ni "native resolution", yaani pikseli ambazo mashine yenyewe inazo. Nyingi za bei ya chini zina 1280 kwa 720, na zingine 800 kwa 480. Hizo za 800 ziache kabisa kama unataka kucheza gemu, kwa sababu maandishi madogo ndiyo yanayokufa kwanza. 1280 kwa 720 ni sawa kwa bajeti hii. Ukiweza kujibana miezi michache ufikie 1920 kwa 1080, utaona faida yake kila siku.

Pima chumba pia. Kuna namba inaitwa "throw ratio", nyingi zikiwa 1.2 hadi 1.4. Zidisha na upana wa picha unayotaka. Kwa inchi 100 na throw ya 1.3, utahitaji kama mita 2.9 kutoka kwa projekta hadi ukutani. Kwenye bedsitter hiyo inaweza kumaanisha projekta imeegemea mlango. Inchi 70 itahitaji mita 2 tu.

Kama ni ya gemu

Filamu haijali ikichelewa kidogo. Gemu inajali sana. Console inayotoa picha 60 kwa sekunde inatuma picha mpya kila milisekunde 17 hivi. Projekta ikichukua milisekunde 100 kuionyesha, umebonyeza shuti na mchezaji wako anakuitikia picha sita baadaye. Kipa ameshadaka. Namba hii wauzaji wengi hawaijui, kwa hivyo ipime mwenyewe: chomeka laptop kwa HDMI, weka picha ileile kwenye skrini zote mbili, kisha sogeza mausi haraka. Ukiona mshale wa ukutani unamfuata ule wa laptop kwa mbali, hiyo ni ya filamu tu.

Ukifika nyumbani, washa "game mode" kama ipo, na uweke projekta mkabala na ukuta badala ya kuipinda na kunyoosha picha kwa keystone. Kunyoosha kunakula pikseli na kwenye mashine zingine kunaongeza ucheleweshaji.

Netflix nayo ina mambo yake. Projekta nyingi za bei rahisi zenye Android ndani hazijaidhinishwa, kwa hivyo app inakataa kufunguka au inaonyesha picha ya ubora wa chini. Ukijaribu kurusha picha kutoka kwa simu, unaweza kusikia sauti tu huku ukuta ukiwa mweusi. Dawa ni kifaa kidogo cha kuchomeka kwa HDMI ambacho kimeidhinishwa. Kiweke kwenye bajeti mapema, pamoja na spika, maana spika za ndani ni za kusaidia tu. Stima usijali: projekta ya wati 60 kwa saa mbili inakula uniti 0.12 ya tokeni.

Kulipa

Iwe ni Luthuli Avenue ama mtandaoni, lipa kwa namba ya biashara, si namba ya simu ya "kijana wa duka". Jina likitokea kwenye skrini, lisome. Likiwa tofauti na la dukani, uliza kabla ya kuendelea. Kwa oda ya mtandaoni, chagua muuzaji anayekubali ulipe baada ya mzigo kufika na kuwashwa.

Omba risiti iliyoandikwa modeli, ANSI lumens na native resolution alizokuahidi muuzaji. Risiti nyingi zimechapwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, lakini Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari unazohitaji ili ufaidike nazo, na ile ahadi iliyoandikwa ndiyo utakayoonyesha ukienda kulalamika. Ihifadhi pamoja na meseji ya malipo, usiifute wakati wa kupunguza meseji kwa simu.

Na ukienda dukani, beba waya wako wa HDMI na ile laptop au console utakayotumia nyumbani. Mwambie muuzaji azime taa, kisha aziwashe tena, picha ikiwa bado ukutani.