Raba ya Kikapu kwa Uwanja wa Saruji

Majaribio mengi ya raba za mpira wa kikapu hufanyika juu ya mbao. Mjaribu anaingia ukumbini, sakafu imepigwa vanishi na kupigwa deki, anakata kulia na kushoto, anasikiliza kama soli inalia au inateleza, kisha anaipa raba alama zake. Alama hizo ni za kweli kwa sakafu ile. Anayecheza JMK Park pale Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, au kwenye uwanja wa shule ambao saruji yake imeanza kumenyuka na kutoa mchanga, anavaa kiatu tofauti kabisa, hata kama jina na rangi ni vilevile. Raba iliyoshika nafasi ya kwanza kwenye mbao inaweza kuwa ya mwisho kwake, na ile iliyobezwa kwamba ni nzito na ngumu ikamfaa msimu mzima.

Kwa hiyo uchaguzi uanzie chini, kwenye soli, kabla ya kutazama jina la mchezaji lililoandikwa ubavuni.

Saruji ni msasa. Kila unaposimama ghafla, kila unapozunguka kwa mguu mmoja ukimtafuta mwenzako wa kumpa pasi, inakula mpira wa soli kidogo. Raba za bei kubwa mara nyingi huwekewa mpira laini chini, kwa kuwa mpira laini hung'ang'ania mbao vizuri, na michirizi yake huchongwa myembamba na mifupi ili kiatu kiwe chepesi. Nje ya ukumbi uzuri huo hauishi muda mrefu. Michirizi hufutika kwanza chini ya kidole gumba, kisha ukingoni, na pale ilipofutika mguu unaanza kuteleza wakati ule ule unaouhitaji usimame.

Soli inayofaa saruji utaitambua kwa mkono. Bonyeza mpira kwa ukucha: ukizama kirahisi na kuacha alama, huo ni wa ukumbini. Pitisha kidole juu ya michirizi. Iwe na kina, na kuta zake ziwe nene kiasi cha kutolala ukizisukuma. Mchoro wa zigizaga unaofunika soli nzima, kuanzia vidoleni hadi kisiginoni, umedumu kwenye raba za kikapu kwa miongo mingi kwa sababu unashika pande zote, mbele, nyuma na ubavuni, na vumbi hupata njia ya kutokea. Soli ya mpira unaopitisha mwanga, ile inayoonekana kama barafu yenye rangi, inapendeza dukani, lakini wachezaji wengi wa viwanja vya vumbi huikwepa kwa kuwa hunasa vumbi na kuhitaji kufutwa kila mara. Nike hutoa baadhi ya raba zake kwa soli ya mpira mgumu zaidi na huchapa herufi XDR chini yake. Ukikuta raba mbili zenye bei moja, moja ina herufi hizo na nyingine haina, wewe wa saruji chukua yenye herufi.

Wenye bahati ya kucheza ndani, kwa mfano Makande kule Mombasa au BK Arena ya Kigali, wanaweza kugeuza ushauri huu. Kwao mpira laini ni sawa.

Sasa bei. Mwaka 2023 LeBron 21 ya Nike iliingia sokoni Marekani kwa dola 200. Mwaka huo huo, kampuni hiyo hiyo ilitoa Ja 1, raba ya kwanza ya Ja Morant, kwa dola 110. Adidas nao walileta raba ya kwanza ya Anthony Edwards kwa dola 120. Tofauti ya dola 80 au 90 inanunua nini uwanjani? Kwa sehemu kubwa inanunua ulaini: mifuko ya hewa mingi zaidi chini ya unyayo, sponji ghali zaidi, na kitambaa kinachoukumbatia mguu vizuri zaidi. GT Cut 3 ya Nike ya mwaka 2024, kwa mfano, imetumia ZoomX, sponji nyepesi sana iliyopata umaarufu kwenye raba za mbio za marathoni. Ni raha kuikanyaga. Mchezaji wa kulipwa anayeruka mara nyingi kwa siku, miezi mingi mfululizo, anaihitaji raha hiyo magotini. Lakini fedha hizo za ziada haziongezi umri wa soli, na umri wa soli ndio unaoamua kiatu kitakufaa kwa muda gani kwenye saruji.

Isitoshe, sehemu ya bei hulipia jina na matangazo. Hilo lilionekana wazi mwaka 2006, Stephon Marbury, wakati huo akiichezea New York Knicks, alipotoa raba yake ya Starbury One kwa dola 14 na senti 98, akaivaa mwenyewe kwenye mechi za NBA. Aliamua hivyo kwa ajili ya watoto wa mitaa kama aliyokulia yeye Brooklyn, ambao familia zao zilijinyima ili wavae viatu vya nyota. Duka lililoziuza, Steve & Barry's, lilifilisika mwaka 2008. Kwa upande wa pili, mwaka 2017 familia ya mchezaji Lonzo Ball ilitangaza raba ya ZO2 kwa dola 495, na hakuna kilichothibitisha kwamba anayeivaa atacheza vizuri kuliko aliyevaa ya dola 100. Mimi namheshimu sana Marbury kwa alichofanya. Aliweka raba uwanjani mbele ya dunia nzima, akawaacha watu waone wenyewe kama mchezo unabadilika.

Tufanye hesabu kwa shilingi za Tanzania, kwa makadirio tu. Chukua dola moja kwa shilingi 2,600, bila kusafirisha wala ushuru. Raba ya dola 110 ni shilingi 286,000. Ya dola 200 ni shilingi 520,000. Tuseme unacheza mara tatu kwa wiki kwenye saruji na soli zote mbili zinadumu miezi sita, yaani siku 78 za mchezo. Ya kwanza imekugharimu kama shilingi 3,670 kwa siku, ya pili kama 6,670. Halafu kuna ya mtumba ya shilingi 60,000. Ikidumu wiki nane, siku 24 za mchezo, ni shilingi 2,500 kwa siku, na hapo mtumba umeshinda. Lakini ikifumuka baada ya siku tatu, umelipa shilingi 20,000 kwa kila siku, ghali kuliko raba yoyote ya LeBron. Mtumba unaweza kuwa chaguo bora kuliko yote au baya kuliko yote, na jambo linaloamua ni moja ambalo wanunuzi wachache huliuliza: kiatu hiki kina umri gani?

Hapa nakuomba usome polepole, maana ndipo fedha nyingi za vijana zinapopotea. Soli ya kati, lile tabaka nene la sponji kati ya mguu na mpira wa chini, hutengenezwa kwa vitu tofauti. Raba nyingi za sasa hutumia EVA, sponji nyepesi ambayo kadiri muda unavyokwenda hubonyea na kukosa uhai, lakini haivunjiki ghafla. Nyingine, hasa Jordan za mitindo ya zamani kama namba 3, 4 na 5, zimejengwa kwa poliyurethani. Poliyurethani inaoza kwa unyevu. Mvuke wa hewani huingia taratibu na kukata minyororo inayoshikilia sponji, hata kama kiatu hakijavaliwa, hata kama kimelala ndani ya boksi lake. Baada ya miaka kadhaa inakuwa na sura nzima na rangi safi, ila siku utakayoruka nayo inapasuka na kumwaga vipande kama biskuti. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, kwa unyevu wake wa mwaka mzima, huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana raba "mpya kabisa, haijawahi kuvaliwa" inayotolewa kwenye robota pale Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, inaweza kuwa ya hatari kuliko iliyochakaa kidogo. Iliyochakaa imethibitisha kwamba jana ilikuwa inavaliwa. Ile safi huenda imekaa stoo ya mtu Ulaya au Marekani miaka kumi.

Umri unasomeka. Fungua ulimi wa kiatu au tazama ubavuni kwa ndani, kuna kitambulisho kidogo. Kwenye raba za Nike na Jordan utakuta tarehe za kutengenezwa na namba ya mtindo. Ingiza namba hiyo kwenye simu, na picha zinazokuja zifanane na kiatu ulichoshika, rangi kwa rangi. Zisipofanana, hiyo ni feki. Kitambulisho kikiwa kimekatwa, mpe muuzaji bei ya kiatu cha kutembelea tu. Kisha bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: irudi yenyewe. Ikibaki na shimo, ikitoa unga au ikionyesha mipasuko midogo inayofanana na ya tope lililokauka, irudishe. Kunja kiatu, kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, mguu wako hautakuwa na kitu cha kuusimamisha. Shika kisigino kwa mkono mmoja na mbele kwa mwingine, ukisokote kidogo: kikisokotwa kirahisi, kiache. Mwisho pitisha ukucha pale soli inapokutana na sehemu ya juu, uone kama gundi imeachia.

Nchini Rwanda chaguo hili la mtumba limebanwa, kwa kuwa mwaka 2016 serikali ilipandisha sana ushuru wa nguo na viatu vya mitumba ili kulinda viwanda vya ndani. Mchezaji wa Kigali basi anabaki na mpya za bei ya kati, na kusema kweli hilo si jambo baya kwa mguu wake.

Kuhusu feki sitasema mengi. Zinaiga sura, na sura ndiyo rahisi kuiga. Mfuko wa hewa ulioandikwa ubavuni mara nyingi haumo, sponji ni ngumu, na gundi haihimili jasho. Kwa bei ya feki nzuri utapata mtumba halisi mzuri. Bora zaidi ni raba mpya ya kawaida isiyo na jina la nyota.

Na hata raba halisi inaweza kukuangusha. Tarehe 20 Februari 2019, timu ya chuo cha Duke ikicheza na ya North Carolina, raba ya Nike ya nyota wa Duke, Zion Williamson, ilipasuka chini ya dakika moja baada ya mechi kuanza, mguu ukatokea nje na goti likateguka kidogo. Mwili mkubwa na wenye nguvu hukisukuma kiatu ubavuni kuliko kilivyopangiwa. Senta wako mwenye uzito mkubwa asichague raba nyepesi kuliko zote kwa kuwa tu gadi wa timu anaisifu.

Limebaki suala la kifundo cha mguu, ambalo wazazi huliuliza kuliko yote: si lazima raba iwe ya shingo ndefu? Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wachezaji 622 wa vyuo waliogawiwa kwa kura raba za shingo ndefu na fupi. Hawakuona tofauti ya maana katika kuteguka. Mwaka 2011 utafiti mwingine ulifuatilia wachezaji 1,460 wa shule za sekondari; waliovaa sapoti ya kifundo ya kufunga kwa kamba waliumia vifundo kwa kiwango cha theluthi moja tu ya wasiovaa. Sapoti haikufanya majeraha yaliyotokea kuwa mepesi, lakini iliyafanya kuwa machache. Na utafiti wa Australia wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba aliyewahi kuteguka kifundo yuko kwenye hatari ya kuumia kifundo karibu mara tano ya ambaye hajawahi. Kama binti yako au mdogo wako alishateguka, usiongeze fedha kwenye shingo ya raba. Mnunulie raba ya bei ya kati na sapoti mbili, na azijaribu pamoja dukani, maana sapoti hula nafasi na huenda akahitaji nusu saizi zaidi.

Kwenye saizi, fuata namba ya sentimita iliyo kwenye kitambulisho. Namba za Marekani za wanawake na wanaume hutofautiana kwa moja hadi moja na nusu, na wasichana wengi hubebeshwa raba kubwa kwa mkanganyiko huo. Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kazi za kutwa, ukiwa umevaa soksi za kuchezea.

Ukishanunua, wengi wetu hupeleka raba moja kwa moja kwa fundi ipigwe uzi kuzunguka soli. Kwa raba ya soli bapa yenye ukingo mnene wa mpira, fanya hivyo bila wasiwasi. Kwa yenye mfuko wa hewa, mwonyeshe fundi mfuko ulipo kabla hajaanza, kwa sababu sindano ikiutoboa hewa inatoka na hairudi. Hapo gundi peke yake inatosha. Baada ya mchezo usianike raba juani wala usiziache ndani ya gari lililofungwa, joto hulegeza gundi. Toa soli ya ndani, legeza kamba, ziweke kivulini penye upepo, na usizifungie kwenye begi mpaka zikauke.