Kusoma Lebo ya Chakula kwa Mgonjwa wa Kisukari

Mtahiniwa, mada hii inaunganisha mambo mawili uliyoyasoma katika Biolojia: lishe, na namna mwili unavyodhibiti kiasi cha glukosi katika damu. Lakini kabla ya mtihani, sikiliza kosa langu.

Jioni moja nilikuwa dukani Buzuruga, hapa Mwanza. Bibi mmoja wa mtaani kwetu, ambaye ana kisukari, alinipa pakiti ya biskuti akasema, "Mwalimu, nisomee hapa. Ina sukari kiasi gani?" Nikasoma, nikamjibu, "Gramu sita tu, bibi." Akafurahi, akanunua. Nilipofika nyumbani na kuitazama vizuri pakiti kama ile, nikagundua kwamba gramu sita zilikuwa za biskuti tatu, si za pakiti nzima. Kesho yake nilimfuata kwake kumwomba radhi na kumweleza upya. Mimi nina shahada na ninafundisha somo hili, na bado nilikosea. Kwa hiyo soma kwa makini.

Kumbuka kwanza

Kabohaidreti ni kundi linalojumuisha sukari, wanga na nyuzinyuzi. Wanga husagwa na vimeng'enya, kuanzia mdomoni hadi kwenye utumbo mwembamba, mpaka ukawa glukosi. Glukosi huingia katika damu, na kongosho hutoa homoni ya insulini ili seli ziipokee. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho halitoi insulini, au hutoa kidogo mno. Katika aina ya pili, seli haziitikii insulini ipasavyo, na baadaye kongosho nalo huweza kushindwa kutoa ya kutosha. Katika aina zote mbili, glukosi hubaki nyingi katika damu, na baada ya muda huharibu macho, figo, neva na mishipa ya damu.

Hatua nne za kusoma lebo

Tazama lebo hii. Imetungwa kwa ajili ya zoezi, lakini mpangilio wake ni ule utakaoukuta dukani.

*Biskuti, uzito wa pakiti: gramu 150*

| Kirutubishi | Kwa gramu 100 | Kwa biskuti 3 (gramu 30) |
|---|---|---|
| Nishati | kilokalori 460 | kilokalori 138 |
| Protini | gramu 9 | gramu 2.7 |
| Mafuta | gramu 16 | gramu 4.8 |
| Kabohaidreti | gramu 70 | gramu 21 |
| - kati yake sukari | gramu 20 | gramu 6 |

1. Anza na kipimo. Jiulize: namba hizi ni za kiasi gani cha chakula? Mtu akila pakiti nzima, amekula kabohaidreti gramu 70 × 150 ÷ 100, yaani gramu 105, na sukari gramu 30. Ukitaka kulinganisha bidhaa mbili, tumia safu ya gramu 100, kwa kuwa kila kampuni hujipangia ukubwa wa kipimo chake.

2. Soma kabohaidreti yote, si sukari peke yake. Hapa ndipo wengi hukosea. Unga wa sembe una sukari kidogo sana, lakini karibu robo tatu ya uzito wake ni kabohaidreti, na sehemu kubwa ni wanga unaogeuka glukosi. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha sukari kwenye chai, kisha sukari yake ikapanda kwa sababu ya mlima wa ugali. Nyuzinyuzi hazigeuki kuwa glukosi, na hupunguza kasi ya glukosi kuingia katika damu. Dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, lakini nayo huliwa kwa kiasi.

3. Soma orodha ya viambato. Viambato huorodheshwa kuanzia chenye uzito mkubwa zaidi. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, bidhaa hiyo ina sukari nyingi. Sukari huandikwa kwa majina mengi pia: sukrosi, glukosi, fruktosi, maltosi, asali. Majina mengi yanayoishia na "-osi" ni ya sukari.

4. Maneno ya mbele ya pakiti yasikudanganye. "Haijaongezwa sukari" haina maana ya "haina sukari". Juisi halisi ya embe ina sukari ya embe lenyewe. Nembo ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula, huonyesha kwamba bidhaa imekidhi viwango. Haimaanishi kwamba inamfaa kila mgonjwa.

Chakula kisicho na lebo

Sato na dagaa wa Mwaloni Kirumba hawana lebo, wala mihogo na viazi vitamu vya sokoni. Hapo tumia sahani kama lebo yako: nusu iwe mboga za majani, robo iwe samaki, maharage au nyama, na robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Sato na dagaa wenyewe karibu hawana kabohaidreti. Kinachopandisha sukari ni kile wanacholiwa nacho.

Sukari inaposhuka

Mgonjwa anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge, sukari yake inaweza kushuka chini ya milimoli 4 kwa lita. Hutetemeka, hutoka jasho na huchanganyikiwa. Akiwa ana fahamu na anaweza kumeza, anahitaji gramu 15 hadi 20 za sukari ya haraka. Soda yenye gramu 10 kwa mililita 100 itampa gramu 15 katika mililita 150. Soda isiyo na sukari haitamsaidia, kwa hiyo hata hapa lebo isomwe. Akiwa amezimia, asipewe kitu mdomoni; apelekwe hospitali mara moja.

Swali la mfano

Lebo ya soda inaonyesha sukari gramu 11 kwa mililita 100. Chupa ina mililita 350. (a) Chupa nzima ina sukari kiasi gani? (b) Ni sawa na vijiko vingapi vya chai, kama kijiko kimoja ni gramu 4? (c) Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000, toa maoni yako.

Jibu

(a) 11 × 350 ÷ 100 = gramu 38.5.
(b) 38.5 ÷ 4 = 9.6, yaani karibu vijiko 10.
(c) Asilimia 10 ya 2,000 ni kilokalori 200. Gramu moja ya sukari hutoa kilokalori 4, hivyo kikomo ni gramu 50. Chupa moja imechukua zaidi ya robo tatu ya kikomo hicho.

Zingatia: Watahiniwa wengi hupoteza alama katika (a) kwa kuandika gramu 11. Ni kosa lile lile nililolifanya dukani.

Siku ya Kisukari Duniani ni tarehe 14 Novemba, mwezi wa mtihani wako. Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, na huenda nyumbani kwenu ni wewe tu unayeweza kuzisoma. Mama, babu au jirani akikupa pakiti akasema "nisomee", usitaje namba kabla hujamuuliza atakula kiasi gani. Kuhusu dawa na kiasi cha chakula kinachomfaa, mwambie amuulize mhudumu wa kliniki yake.