Mafunzo ya mapishi kwa gharama nafuu: Wapi pa kuanzia Mwanza?

Zamani mapishi hayakuwa na ada. Binti alikaa mekoni na mama yake, akaanza kwa kuchambua mchele na kutwanga karanga, na umri wa kuolewa ulipofika, shangazi na somo walikamilisha yaliyobaki. Leo wengi wa watoto wetu wanakulia katika shule za bweni, ambako chakula hupikwa na wengine. Kijana wa kiume naye huvuka kutoka Ukerewe kuja kutafuta riziki jijini, akapanga chumba Igoma au Mabatini, akaishi kwa chipsi na chapati za kununua. Wawili hao wakikutana katika ndoa, nyumba inakuwa na jiko lakini haina mpishi.

Jambo hili si dogo. Chakula cha kununua kila siku humaliza kipato kidogo kabla kodi ya chumba haijalipwa, na manung'uniko yanayoanzia kwenye sufuria huishia mbele ya wazee. Wala si haki lawama zote zimwangukie mke. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake katika kazi zao. Kwa hiyo tunapozungumzia mafunzo ya mapishi, tunawakusudia vijana wetu wote, wa kike na wa kiume.

Vyuo vya umma

Mlango wa kwanza wa kubisha ni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo chuo chake cha Mwanza kipo Nyakato. Vyuo vya VETA hutoa kozi ndefu na fupi, na kwa anayeanza, kozi fupi ndiyo inayomfaa. Ada na ratiba hubadilika, hivyo ni vyema kufika ofisini na kuuliza ni kozi gani ya mapishi inayofundishwa wakati huo. Mama lishe ambaye tayari anajua kupika naye asijione hahusiki: VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na wapishi ni miongoni mwa wanaohudumiwa.

Walio nje ya jiji wana Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa ajili ya watu wazima na vijana wa vijijini. Kipo Malya, wilayani Kwimba, na kipo Sengerema, ambako sasa msafiri wa kutoka jijini hufika kwa kuvuka Daraja la Kigongo–Busisi bila kusubiri kivuko. Vyuo hivi vimewapokea pia mabinti waliokatishwa masomo kwa ujauzito. Mzazi mwenye binti wa namna hiyo asimfiche nyumbani.

Kwa mwenye nia ya biashara ya achari, jemu au unga wa lishe, SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo ya usindikaji.

Darasa la mtaani

Hata hivyo, njia iliyo nafuu kuliko zote ipo karibu zaidi. Kila mtaa una mama ambaye pilau yake hutafutwa kila panapokuwa na walima. Tuchukulie wanafunzi kumi wakichanga shilingi 3,000 kila mmoja kwa siku ya somo. Zinapatikana shilingi 30,000 za kununua vyakula na kumpa mwalimu chochote cha kumshukuru, na mwanafunzi anarudi nyumbani akiwa ameshakula.

Masomo yafuate mifuko yetu na ziwa letu. Siku ya kwanza wali na maharage. Ya pili ugali, ukiwemo wa muhogo. Siku ya tatu iwe ya sato: mwanafunzi ajue kwamba samaki mbichi ana macho maangavu, mashavu mekundu ndani, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Siku ya nne dagaa wa Kirumba Mwaloni. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga huacha kokoto mdomoni, hivyo wachambuliwe na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa. Walioanikwa juu ya chanja ni safi zaidi. Nazi husafirishwa kutoka mbali na bei yake ni kubwa, basi mchuzi uungwe kwa karanga, ambazo tunazo. Pilau na biriani vije mwisho.

Maswali kabla ya kulipa

Popote utakapojiandikisha, uliza kwanza: je, mwanafunzi anapika mwenyewe au anatazama tu? Jiko moja linatumiwa na wangapi? Viungo vimo ndani ya ada? Gesi inafundishwa kwa usalama? Swali hili la mwisho lina uzito, kwani mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Kwa Muislamu yapo maswali mengine. Nyama imechinjwa na nani? Je, kuna mapishi yanayotiwa mvinyo au nguruwe? Katika keki, vanila nyingine huwa na kileo, na jelatini huweza kutokana na nguruwe, hivyo maandishi ya kopo yasomwe. Samaki hahitaji kuchinjwa, na hiyo ni nafuu kubwa kwetu tuliojaaliwa ziwa.

Tunatoa rai kwa kamati za misikiti na madrasa. Sufuria kubwa tunazozitoa Ramadhani kwa ajili ya futari hukaa stoo miezi iliyobaki. Zitolewe mapema mwezi wa Shaaban, vijana wafundishwe wiki nne, na mtihani wao uwe futari ya kwanza ya wasafiri na mayatima. Gharama yake haitazidi mchango wa Ijumaa moja au mbili, na zitakazofaidika ni nyumba zetu wenyewe.