Barua ya Profesa: Hisani au Ushahidi?

Mwanafunzi wa chuo kikuu aombaye masomo ya juu, ufadhili au kazi ya utafiti hutakiwa mara nyingi kuleta, pamoja na vyeti, barua za maprofesa waliomfundisha. Wengi huidhania barua hiyo kuwa ni hisani. Kwa hakika ni ushahidi, na shahidi hasemi asiloliona.

Tutazame mfano mmoja. Tarehe 24 Agosti 1831, John Stevens Henslow, profesa wa botania katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alimwarifu Charles Darwin, kijana wa miaka 22, kwamba amempendekeza asafiri katika meli ya Beagle. Henslow hakutia chumvi. Alieleza kwamba hakumpendekeza kama mtaalamu aliyekamilika, bali kama mtu awezaye kukusanya vielelezo, kuchunguza na kuandika yaliyostahili. Aliyajua hayo kwa sababu Darwin alihudhuria mihadhara yake na kufuatana naye mara kwa mara katika matembezi. Meli iling'oa nanga tarehe 27 Desemba 1831, ikarejea Oktoba 1836. Kitabu cha Darwin juu ya asili ya spishi kilitoka mwaka 1859.

Basi mwanafunzi amwombe nani? Si lazima awe mwenye cheo kikubwa, bali yule aliyesoma ripoti zake na kumwona maabarani. Amwulize kwa adabu kama anaweza kumshuhudia vyema. Akisitasita, amshukuru na kumwendea mwingine, kwani barua isiyo na habari huzaa shaka.

Yafaa aombe mapema, walau mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho. Amkabidhi profesa nakala ya matokeo yake, maelezo ya nafasi anayoiomba na tarehe inayohusika. Asidai kuisoma barua. Usiri huipa uzito. Baadaye arudi kushukuru na kueleza yaliyotokea. Darwin mwenyewe, akiwa safarini, alimpelekea Henslow barua na vielelezo.

Kwa walimu wa sekondari, yafaa kuweka daftari la kumbukumbu: nani alirudia jaribio lililoshindikana, nani aliuliza swali lisilokuwamo kitabuni. Mwanafunzi huyo atakapohitaji barua, mwalimu atakuwa na la kushuhudia.