Fayawoli ipo, mtoto bado anakesha

Mzazi, umenunua fayawoli, kile kisanduku cha kuchuja intaneti, ili mtoto alale badala ya kukesha na video. Waya utoke kwenye modemu ya kebo uingie tundu lililoandikwa WAN. Wa pili utoke LAN uende kwenye ruta ya waifai. Kisha zima modemu, subiri dakika chache, uiwashe. Modemu nyingi za kebo hukumbuka kifaa cha kwanza kilichochomekwa na kukikataa kipya.

Nyumbani kwetu tulisahau kwamba modemu nayo ina waifai yake. Mdogo wangu aliitumia hadi saa nane usiku, fayawoli ikiwaka taa bure! Tuliizima. Bando la simu, hata hivyo, halipiti humo kabisa. Siku hizi simu yake inalala chumbani kwa mama.