Chaza wa Arcachon na rangi ya mashua

Wanangu, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwenye Bahari ya Atlantiki, kuna ghuba iitwayo Arcachon. Mlangoni mwake umesimama mlima wa mchanga mtupu, Dune du Pilat, wenye kimo cha zaidi ya meta 100, na Ulaya nzima hakuna mlima wa mchanga unaoupita. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya ghuba hubaki tope na nyasi za bahari, na mashua hulala ubavu zikingoja maji yajae. Tangu karne ya 19, watu wa hapo wanafuga chaza.

Namna wanavyowapata chaza wachanga inapendeza sana. Wakati wa joto chaza wakubwa humwaga mayai na mbegu majini, na humo hutokea mabuu wadogo mno, jicho haliwaoni. Wiki mbili tatu wanaelea wakitafuta mahali pagumu pa kugandia, maana chaza akishaganda hahami tena. Wafugaji huchukua vigae vya paa, vile vilivyopinda, wakavichovya kwenye uji wa chokaa na mchanga, wakavipanga baharini. Buu akigusa pale anashika. Miezi ikipita vigae hutolewa vikiwa vimejaa chaza wadogo, nao hukwanguliwa kwa kisu. Kinachobanduka ni ile chokaa, kwa hiyo magamba yao mororo hayavunjiki.

Kuanzia mwaka 1977 vigae vilitoka vitupu. Mwaka uliofuata vivyo hivyo, na uliofuata pia, hadi 1981. Mabuu walikuwa wanakufa kabla ya kupata pa kushika. Hata chaza waliokwisha kukua waliharibika. Gamba lililopaswa kuwa bapa lilinenepa, mengine yakakaribia kuwa mviringo. Ukilipasua ulikuta vyumba ndani ya gamba lenyewe, ukuta juu ya ukuta, na kati ya kuta ute mzito. Nyama ilikuwa kidogo, imedumaa. Nani angenunua chaza wa namna hiyo? Familia zilizoishi kwa kazi hiyo vizazi kwa vizazi zilibaki zinatazama vigae.

Watafiti, mmoja wao Claude Alzieu, walifuatilia jambo hilo mpaka wakafika kwenye magati ya mashua za starehe. Chaza waliokaa karibu na magati ndio walioharibika zaidi. Kwa nini?

Chombo chochote kikikaa majini huotwa na mwani na wadudu wa bahari, kikawa kizito na kwenda polepole. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu wamepambana na adha hiyo kwa deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Katika miaka ya 1960 viwanda vilileta rangi yenye kemikali ya bati iitwayo tributilitini, kwa kifupi TBT. Rangi hiyo iliundwa makusudi iachie sumu kidogo kidogo ili kila kinachojaribu kuotea chombo kife. Ilifanya kazi vizuri mno. Lakini sumu haikuishia kwenye mbao za mashua. Ilienea katika ghuba ile iliyozingirwa, na chaza wakaivuta.

Kiasi chenyewe kinaogopesha kwa udogo wake. Gamba la chaza huanza kuharibika maji yakiwa na takriban nanogramu 2 za TBT katika lita moja. Ni sawa na kuchukua gramu mbili na kuzitawanya katika mabwawa 400 ya kuogelea ya Olimpiki.

Januari 1982 Ufaransa ilipiga marufuku rangi hizo kwa vyombo vyenye urefu wa chini ya meta 25. Kiangazi cha mwaka huohuo mabuu walishika vigae tena. Uingereza ilifuata mwaka 1987, Marekani 1988, na mkataba wa kimataifa wa kuiondoa sumu hiyo kwenye meli ulianza kutumika Septemba 2008. Angalieni muda huo, wanangu: tangu chaza walipoonyesha shida hadi dunia ilipokubaliana, ni zaidi ya miaka 30. Binafsi naona ni muda mrefu mno.

Mtaniuliza, kwa nini kusubiri chaza waonyeshe shida, si wangepima maji tu? Maji ya bahari hayatulii. Chupa uliyojaza asubuhi inakueleza habari za asubuhi hiyo, na jioni wimbi limeleta maji mengine. Samaki naye anaogelea. Ukimkuta na sumu hujui ameipata wapi. Chaza yupo palepale. Ili ale, huvuta maji na kuyachuja kwa mashavu yake, na chaza mkubwa, hali ikiwa nzuri, anaweza kupitisha zaidi ya lita 100 kwa siku. Risasi, zebaki, dawa za wadudu na mabaki ya mafuta hujilimbikiza mwilini mwake hadi vikafika kiasi ambacho mashine inaweza kukisoma. Tena mwili wake ni dhaifu katika kuvunjavunja kemikali za mafuta, kwa hiyo nyingi hukutwa mle mle.

Mwaka 1975 mkemia wa California, Edward Goldberg, alipendekeza dunia iwatumie kome kama walinzi wa bahari. Kome ni yule mwenye magamba mawili marefu meusi, ajifungaye mwambani kwa nyuzi zake. Tangu 1986 Marekani ina mpango wa kudumu wa namna hiyo, wenye vituo vipatavyo 300. Ni kwa kazi hiyo watu walijua kwamba DDT, dawa ya wadudu iliyopigwa marufuku huko mwaka 1972, kweli inapungua pwani.

Kazi hiyo inataka uangalifu. Chaza kwa asili hukusanya zinki na shaba nyingi kuliko kome, hata mahali pasafi, kwa hiyo chaza hulinganishwa na chaza, na kome na kome. Msimu nao hutazamwa, kwa sababu mama akimwaga mayai, humwaga pia sehemu ya sumu iliyokuwa mwilini. Pasipo na kome, hupelekwa. Tangu miaka ya 1990 Wafaransa hutundika mifuko ya wavu yenye kome kutoka maji safi kwenye pwani yao ya Mediterania, wakaiacha kama miezi mitatu, kisha wakapima nyama.

Na ninyi mnaochokoa chaza kwenye mizizi ya mikoko huenda mnajiuliza kama kuchemsha kunatosha. Moto huua vijidudu vya maradhi. Metali kama risasi na kadimi haziondoki kwa moto, hata ukichemsha kutwa nzima. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kwa nyama yenyewe inayouzwa: risasi isizidi miligramu 1.5 katika kilo moja ya chaza au kome, na kadimi isizidi miligramu 1.